Kuchagua Mfuko Mwepesi wa Kulalia wa Manyoya kwa Safari za Miguu Kwenye Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wasafiri wa miguu huyarudia kila wanapojiandaa kulala nje kwenye baridi huku wakiwa wamebeba mahitaji yao yote mgongoni. Majibu yanahusu mifuko iliyojazwa manyoya laini ya ndege, na yanalenga hasa usiku ambao joto hushuka chini ya sifuri. Nyuzijoto zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

## Mambo ya msingi

Manyoya yanayojazwa kwenye mifuko hii ni yapi, na yanampashaje mtu joto?

Ni manyoya laini yanayoota chini ya manyoya ya nje ya bata na bata bukini, hasa kifuani. Hayana uti mgumu katikati kama unyoya wa bawa. Kila kishada ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba mno zinazotawanyika kila upande na kunasa hewa kati yake. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana, kwa hiyo kinachomkinga mlalaji ni unene wa tabaka la hewa iliyonaswa, na kazi ya manyoya ni kulishikilia tabaka hilo lisisogee.

Mfuko wenyewe hauzalishi joto lolote. Chanzo cha joto ni mwili, na mfuko huchelewesha tu kupotea kwake. Anayeingia mfukoni akiwa na njaa, amechoka kupita kiasi au tayari anatetemeka atasikia baridi hata ndani ya mfuko bora, kwa sababu mwili wake hauna joto la kutosha la kuhifadhiwa.

Kwa nini manyoya, ilhali nyuzi za kiwandani hazina bei kubwa na hazisumbuliwi sana na maji?

Kwa sababu ya uzito na nafasi. Kwa kiwango kilekile cha joto, mfuko wa manyoya huwa mwepesi zaidi na hubanwa ukawa mdogo zaidi, na tofauti hiyo huongezeka kadiri baridi inavyokuwa kali. Tena manyoya yakitunzwa vizuri hudumu miaka mingi, ilhali nyuzi za kiwandani huvunjikavunjika kila zinaposhindiliwa na hupoteza unene mapema.

Udhaifu wa manyoya ni maji: yakilowa hugandamana, unene hutoweka, na kukauka huchukua muda mrefu. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ya kulowa haiko kwenye baridi kali. Iko karibu na nyuzijoto 0, ambako mvua hugeuka theluji majimaji na kila kitu hubaki na unyevu. Kwenye nyuzijoto -15 theluji huwa kavu na hupanguswa kwa mkono. Anayepanga siku nyingi mfululizo za mvua baridi, bila mahali pa kukaushia vitu, ana sababu ya kweli ya kufikiria nyuzi za kiwandani. Wengine wote, kwa maoni yetu, wachukue manyoya na wajifunze kuyakinga.

Je, manyoya ya bata bukini ni bora kuliko ya bata wa kawaida?

Kwa wastani vishada vya bata bukini ni vikubwa zaidi, na ndiyo maana madaraja ya juu kabisa (daraja ni nambari ya uwezo wa manyoya kutuna, inayoelezwa hapa chini) hutokana naye. Lakini manyoya ya bata yenye daraja la 750 na ya bata bukini yenye daraja hilohilo hufanya kazi sawa. Tazama nambari kwanza, kisha ndege.

## Kusoma lebo

Nambari kama 650, 800 au 900 ina maana gani?

Ni kipimo cha uwezo wa manyoya kutuna. Maabara huchukua aunsi moja ya manyoya, yaani takribani gramu 28, huyaweka ndani ya silinda chini ya kibao chepesi, kisha hupima ni inchi ngapi za ujazo yanazojaza. Aunsi moja ya daraja la 800 hujaza takribani lita 13, na ya daraja la 600 hujaza kidogo chini ya lita 10. Kabla ya kupimwa, manyoya huandaliwa, mara nyingi kwa mvuke, ili yatune kadiri iwezekanavyo. Ndani ya hema lenye unyevu hayafikii kiwango hicho.

Kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni kuichukulia nambari hii kuwa kipimo cha joto. Haisemi mfuko una joto kiasi gani. Inasema tu joto hilo limepatikana kwa uzito gani. Ili kujua joto ni lazima utazame pia uzito wa manyoya yaliyojazwa, ambao watengenezaji wengi huuandika kwa herufi ndogo kuliko daraja. Mfuko wenye gramu 400 za daraja la 800 una takribani lita 185 za manyoya yaliyotuna, na wenye gramu 600 za daraja la 600 una takribani lita 208. Mifuko hiyo ikiwa na ukubwa na ujenzi sawa, wa pili ndio utakaokuwa na joto zaidi, ila utakuongezea gramu 200 mgongoni.

Je, inafaa kulipia daraja la 900 badala ya 800?

Piga hesabu kabla ya kushawishika. Gramu 500 za daraja la 800 hutoa ujazo sawa na gramu 444 hivi za daraja la 900, kwa hiyo unachookoa ni gramu 56. Kuna watu ambao gramu hizo zina maana kwao, hasa kwenye mifuko ya baridi kali yenye manyoya mengi. Kwa msafiri wa kawaida, fedha hizo huleta faida kubwa zaidi zikitumika kununua mkeka bora, jambo linaloelezwa katika sehemu ya mkeka hapa chini.

Kwa nini lebo moja ina viwango vitatu vya joto?

Kwa sababu mfuko umepimwa kwa utaratibu wa kimataifa. Kiwango cha Ulaya cha EN 13537 kilitolewa mwaka 2002, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na ISO 23537, iliyotolewa mwaka 2016. Katika utaratibu huo sanamu yenye umbo la mtu, inayopashwa joto na kufungwa vihisio, huvishwa nguo nyepesi ndefu na kulazwa mfukoni juu ya mkeka ndani ya chumba baridi, kisha joto linalopotea hupimwa.

Kiwango kinachoandikwa “Comfort” ni joto ambalo mwanamke wa kawaida, anayechukuliwa kuwa na umri wa miaka 25 na urefu wa mita 1.60, analala akiwa ametulia bila kusikia baridi. “Limit” ni joto ambalo mwanamume wa umri huohuo mwenye urefu wa mita 1.73 analala kwa saa 8 akiwa amejikunja, pasipo kuamshwa na baridi. “Extreme” ni joto ambalo mwanamke wa kawaida anaweza kuhimili kwa saa 6 bila kufa kwa baridi, huku akitetemeka na akiwa katika hatari ya kuumizwa na jalidi.

Basi nitumie kiwango kipi?

Tumia “Comfort”, uwe mwanamke au mwanamume, isipokuwa tayari unajijua kuwa mtu asiyesikia baridi upesi usingizini. “Limit” kwa kawaida huwa chini ya “Comfort” kwa nyuzijoto 5 hadi 7, na hiyo ndiyo nambari inayopendwa na matangazo kwa sababu inaufanya mfuko uonekane mwepesi kwa baridi unayodai kuihimili. Jina la mfuko lenyewe mara nyingi hubeba nambari hiyo. “Extreme” usiitumie kupangia safari kabisa. Ni maelezo ya dharura.

Mfuko usiopimwa kwa utaratibu huo ni mbaya?

La. Baadhi ya watengenezaji wadogo wanaosifika hutoa makadirio yao wenyewe, na wengine huwa waangalifu kuliko maabara. Katika hali hiyo linganisha uzito wa manyoya, daraja lake na umbo la mfuko na zile za mfuko uliopimwa. Tofauti ikiwa kubwa na ahadi ikiwa ileile, shuku ahadi.

## Baridi na uzito

Nitajuaje baridi nitakayokutana nayo?

Anza na joto la chini kabisa la usiku linalotarajiwa katika kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, kisha urekebishe kwa mwinuko: kwa wastani joto hupungua kwa nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ikiwa kituo kiko mita 1,500 na kambi yako itakuwa mita 3,500, ondoa nyuzijoto 13. Usiku usio na mawingu huwa baridi zaidi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka na kutuama mabondeni, kwa hiyo kambi iliyo mita chache juu ya sakafu ya bonde inaweza kuwa na joto zaidi kuliko iliyo kando ya kijito. Baada ya hesabu hiyo acha akiba ya nyuzijoto 5.

Mfuko “mwepesi” unapaswa kuwa na uzito gani?

Mfuko wa daraja la 800 au zaidi wenye “Limit” ya karibu nyuzijoto -7 hupatikana kwa uzito wa kati ya gramu 750 na kilo 1. Ukitaka “Comfort” ya karibu -10, tarajia kati ya kilo 1 na kilo 1.4. Mfuko ulio mwepesi zaidi ya hapo kwa ahadi ileile ama umekatwa mwembamba sana, ama umeondolewa zipu au kofia, ama nambari zake zina matumaini kupita kiasi.

Kipimo kizuri cha haraka ni kugawanya uzito wa manyoya kwa uzito wa mfuko mzima. Ikiwa nusu au zaidi ni manyoya, uzito unaoubeba unafanya kazi. Ikiwa ni theluthi moja tu, kilichobaki ni kitambaa, zipu na mapambo.

## Umbo na ujenzi

Kuna tofauti gani kati ya mishono ya moja kwa moja na vyumba vyenye kuta?

Manyoya yasipotenganishwa huteleza na kujikusanya upande mmoja, kwa hiyo mfuko hugawanywa vyumba. Njia rahisi ni kushona kitambaa cha nje na cha ndani pamoja, lakini kwenye kila mshono unene huwa sifuri na joto hutoroka hapo. Njia ya pili ni kuweka ukuta mwembamba wa kitambaa kati ya tabaka mbili ili manyoya yawe na kina kilekile kote. Kwa baridi ya chini ya sifuri chagua njia ya pili bila kusita.

Mifuko mingine ina vyumba vinavyozunguka bila kukatizwa, hivyo unaweza kuyasukuma manyoya kutoka chini kwenda juu usiku wa baridi. Faida hiyo ina upande wa pili: kama vyumba havikujazwa vya kutosha, manyoya huhama yenyewe ukiwa umelala.

Ukubwa gani unanifaa?

Ukubwa unaokuwezesha kujigeuza bila kulibana tabaka la manyoya. Mfuko mpana mno una hewa nyingi ambayo mwili lazima uipashe joto, na hewa hiyo husukumwa nje kila unapojigeuza. Mfuko mwembamba mno hubanwa na mabega na magoti, na pale unapobanwa baridi huingia. Kwa urefu, vidole vya miguu visisukume mwisho wa mfuko. Ikiwa unakusudia kulala na koti la manyoya, ujaribu mfuko ukiwa umelivaa kabla ya kununua.

Zipu ndefu au fupi?

Zipu fupi huokoa gramu chache na hupunguza njia ya baridi, lakini ndefu hukuwezesha kupoza mwili usiku usio na baridi kali na kuepuka jasho. Kilicho muhimu zaidi ni mrija wa manyoya unaopita nyuma ya zipu kwa urefu wake wote. Pasipo huo, zipu ni ufa mrefu.

Kofia na ukosi ni vya lazima?

Chini ya sifuri, kofia inayobana vizuri kuzunguka uso ni ya lazima. Ukosi wa manyoya unaofungwa shingoni huzuia hewa yenye joto isitoroke kila unapopumua au kujigeuza, na tungeuhesabu kuwa wa lazima kuanzia nyuzijoto -10 kwenda chini.

Kitambaa chepesi sana kitadumu?

Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani uzito wa mita 9,000 za uzi kwa gramu. Nailoni ya denia 10 ni nyembamba kiasi cha kuona manyoya ndani, lakini kwa mtu mwangalifu anayelala hemani inatosha. Denia 20 huvumilia zaidi. Kitambaa cha nje kisichopitisha maji kabisa huonekana kuwa suluhisho, ila mvuke wa mwili nao hupata shida kutoka. Tungekichagua tu kwa anayelala bila hema au ndani ya pango la theluji.

Je, mfarishi wa manyoya unaweza kuchukua nafasi ya mfuko?

Mfarishi wa safari hauna mgongo wala kofia, kwa hoja kwamba manyoya yaliyo chini ya mwili hubanwa na hayakingi kitu. Hoja hiyo ni ya kweli na uzito unaookolewa ni halisi. Lakini kadiri baridi inavyozidi ndivyo kila upenyo wa pembeni unavyogharimu usingizi, na kwa anayejigeuza sana chini ya nyuzijoto -5 hivi mfuko uliofungwa pande zote huwa na amani zaidi. Ukichagua mfarishi, hakikisha una mikanda ya kuufunga kwenye mkeka, na ubebe kofia ya manyoya inayovaliwa peke yake.

## Mkeka ulio chini yako

Kwa nini nasikia baridi kutoka chini ilhali mfuko wangu ni wa kiwango cha kutosha?

Kwa sababu uzito wa mwili umeyabana manyoya ya chini, na kati yako na ardhi umebaki mkeka peke yake. Uwezo wa mkeka kuzuia joto huandikwa kwa thamani ya R, na tangu kiwango cha ASTM F3340 kilipotolewa mwaka 2018, thamani za watengenezaji wanaokifuata zinaweza kulinganishwa. Thamani ya 2 ni ya majira ya joto. Kwa ardhi iliyoganda tafuta 4 au zaidi, na kwa kulala juu ya theluji 5 au zaidi.

Thamani hizi hujumlishwa. Mkeka wa povu wenye R ya 2 ukiwekwa chini ya godoro la kupuliza lenye R ya 3.5 hutoa 5.5, na godoro likitoboka usiku bado una kitu cha kulalia. Nambari iliyo kwenye lebo ya mfuko hupoteza maana juu ya mkeka dhaifu.

## Unyevu

Manyoya yaliyotiwa dawa ya kuzuia maji yanafaa?

Huchelewa kulowa na hukauka mapema zaidi, jambo lenye msaada dhidi ya umande wa hemani. Hayageuki kuwa salama ndani ya maji. Usilipe zaidi kwa ajili yake ukadhani huhitaji tena kifuko kisichopitisha maji cha kuyabebea.

Kwa nini mfuko wangu unakuwa dhaifu kila usiku unaofuata?

Usiku kucha mwili hutoa mvuke unaopita kwenye manyoya kuelekea nje. Kwenye baridi kali mvuke huo hufika mahali ndani ya manyoya penye joto la sifuri na kuganda. Usiku mmoja hauleti tofauti kubwa, lakini baada ya siku kadhaa bila jua mfuko huwa mzito na mwembamba.

Kwa safari fupi, tandaza mfuko juani wakati wa mapumziko ya mchana na usipumulie ndani yake. Funika uso kwa skafu badala yake. Kwa safari ndefu kwenye nyuzijoto -15 na chini, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulala ndani ya kitambaa kisichopitisha mvuke kilichowekwa ndani ya mfuko, ili unyevu usifike kwenye manyoya kamwe. Inafanya kazi vizuri, ingawa wengi hawaipendi kwa sababu ngozi hubaki na unyevu. Ya pili ni kuweka mfarishi mwembamba wa nyuzi za kiwandani juu ya mfuko, ili barafu ijikusanye kwenye nyuzi na kuyaacha manyoya makavu.

## Matumizi na matunzo

Nivae nini nikilala?

Nguo kavu, hasa soksi na kofia. Si kweli kwamba kulala uchi kunaleta joto zaidi. Nguo kavu huongeza kinga mradi zisiubane mfuko. Chupa ya maji moto isiyovuja, ikiwekwa katikati ya mapaja, hupasha mwili kwa saa kadhaa. Kula kabla ya kulala, na ukihisi haja ndogo usiivumilie hadi alfajiri.

Nihifadhi vipi mfuko nyumbani, na kuufua ni salama?

Uuning'inize au uuweke katika mfuko mkubwa wa kitambaa, ukiwa haujabanwa. Kuuacha ndani ya kifuko chake cha safari kwa miezi huyachosha manyoya. Safarini uushindilie kwa kuuingiza kidogokidogo bila kuukunja kwa mistari ileile kila siku, ndani ya kifuko kisichopitisha maji.

Kuufua si kosa. Mafuta ya ngozi na jasho yaliyoachwa miaka mingi huharibu zaidi. Tumia sabuni ya manyoya na mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele, isiyo na nguzo katikati. Ukiutoa, uinue kwa kuukumbatia kutoka chini, kwa kuwa uzito wa maji unaweza kuchana kuta za ndani. Ukaushe katika mashine kwa joto la chini pamoja na mipira ya tenisi, kwa saa nyingi, hadi kusibaki donge lolote.

## Hali zisizo za kawaida

Mtoto anaweza kutumia nambari za lebo?

Hapana. Utaratibu uliotajwa juu haukutengenezwa kwa watoto, na miili yao hupoteza joto upesi. Chukua akiba kubwa zaidi, na kunja sehemu isiyotumika ya mfuko chini ya miguu yake.

Nawezaje kujua kwamba manyoya hayakunyofolewa ndege akiwa hai?

Tafuta alama ya RDS (Responsible Down Standard), kiwango kilichozinduliwa mwaka 2014 ambacho hukataza kunyofoa manyoya ya ndege walio hai na kuwalisha kwa nguvu, na hukagua mnyororo kuanzia shambani.

Nikinunua mfuko uliotumika nichunguze nini?

Utandaze na uuache kwa saa moja kabla ya kuuhukumu. Kisha uinue dhidi ya mwanga: sehemu zenye mwanga mwingi hazina manyoya, na madonge meusi ni manyoya yaliyogandamana. Madonge mara nyingi hutuna tena yakifuliwa. Harufu ya ukungu haitoki, kwa hiyo mfuko wa namna hiyo usiununue. Unyoya unaochungulia kwenye kitambaa si dosari. Uvute kurudi ndani kutoka upande wa pili, kwani kuuchomoa nje hupanua tundu.

Mfuko ukilowa kabisa katikati ya safari nifanye nini?

Kamua kwa kubonyeza, usiusokote. Kukiwa na jua na upepo, utandaze na uvunjevunje madonge kwa vidole kila baada ya muda. Huenda ukahitaji siku nzima. Pasipokuwa na jua, usitegemee kuukausha kwa joto la mwili kwenye baridi kali: utapoteza joto unalolihitaji, na manyoya yatabaki yamelowa. Vaa nguo zote kavu, tumia mikeka yote mliyo nayo, laleni wawili chini ya mfuko mkavu uliofunguliwa ikiwa mna mwenzenu mwenye nao, na asubuhi shukeni mnakoweza kupata moto.